Gari Likienda Mbali, Chaji Itahamia Wapi?

Nissan Leaf ya kwanza, gari la umeme lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2010, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, na vipimo rasmi vya Marekani viliipa kilomita 117 kwa chaji moja. Leaf ya 2018 yenye betri ya 40 ilipewa kilomita 243. Mwaka uliofuata ikatoka ya 62, kilomita 364. Leaf ya kizazi cha tatu, modeli ya 2026, imefikishwa 488. Jina ni lile lile, lakini masafa yamepanda zaidi ya mara nne katika miaka 15.

Mtu akisikia kilomita 488, akili inakimbilia barabara kuu: Nairobi hadi Mombasa, Dar hadi Dodoma. Wauzaji ndivyo wanavyotaka tufikiri, na hawakosei sana. Ila safari za namna hiyo wengi wetu huzifanya mara chache kwa mwaka. Kwa maoni yangu, badiliko kubwa litatokea Jumanne ya kawaida, gari likiwa halijatoka hata nje ya jiji: mwenye gari atarudi nyumbani jioni, atafunga milango, atapanda ngazi, na hatachomeka waya. Kutoka hapo mengi yanageuka, kuanzia nani anaweza kumiliki gari la umeme hadi saa ambazo mvuke wa visima vya umeme vya Olkaria, Kenya, unapata mnunuzi.

Tupige hesabu. Mkazi wa Rongai anayefanya kazi katikati ya Nairobi, akienda na kurudi na kupitia sokoni, anatembea kilomita 40 na ushei kwa siku. Gari la kadiri hula uniti, yaani kilowati-saa, 16 au 17 kwa kilomita 100, uniti zile zile unazonunua kwa tokeni Kenya au kwa LUKU Tanzania. Kwa hiyo siku nzima imemla uniti saba hivi. Akiwa na ile Leaf kongwe ambayo betri imechoka na inatoa kilomita 80 tu, lazima achaji kila usiku. Umeme ukikatika usiku mmoja, asubuhi anahesabu kilomita kama mtu anayehesabu nauli ya mwisho mfukoni. Akiwa na betri ya 62, uniti saba ni sehemu moja ya tisa. Anaweza kukaa kuanzia Jumapili hadi Ijumaa bila kugusa plagi, na bado akabaki na akiba ya kumkimbiza mgonjwa hospitali.

Lisichanganywe jambo moja hapa. Betri kubwa haileti bili kubwa. Inaongeza uzito, na uzito unakula kidogo, lakini kinacholipiwa hasa ni kilomita ulizotembea. Atakayechaji mara moja kwa wiki atanunua uniti zile zile ambazo angezinunua kidogo kidogo kila usiku. Kilichobadilika ni kwamba sasa ana uhuru wa kuchagua siku, saa na mahali. Uhuru huo ndio bidhaa anayoinunua anapolipia masafa, hata kama tangazo linamuonyesha akipita katikati ya mbuga huku twiga wanamtazama.

Uhuru huo unamnufaisha zaidi mpangaji. Hadi sasa ushauri wa kwanza anaopewa mtu anayetaka gari la umeme ni kwamba awe na nyumba yenye maegesho yake na soketi yake. Ushauri huo unawatupa nje wakazi wa magorofa karibu wote, wa Kilimani na Umoja sawa na wa Upanga na Kariakoo. Wanaojaribu hivyo hivyo, tumeona wanavyofanya: ekstensheni inashushwa kutoka kibarazani ghorofa ya pili, inapita juu ya ukuta wa jirani, inaingia kwenye maegesho. Nusu ya waya imebaki imezungushwa kwenye gurudumu lake kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuukunjua wote. Ukiishika plagi baada ya saa mbili imepata moto, na ule waya uliozungushwa umepata zaidi. Ekstensheni ya kupigia pasi haikutengenezwa kubeba ampia 10 kwa saa nane mfululizo. Askari wa geti analalamika kwamba atajikwaa, mwenye nyumba analalamika kuhusu moto, na wote wawili wana hoja.

Sasa weka kwenye maegesho ya jengo hilo soketi nne tu za ampia 16, zilizofungwa na fundi anayejua kazi, kila moja na mita yake ndogo. Soketi ya namna hiyo hutoa kilowati 3.7 hivi. Ndani ya saa nane za usiku gari linapata uniti 29, ambazo ni kilomita kama 175. Mkazi wetu wa Rongai anahitaji uniti 49 kwa wiki, tuseme 54 ukihesabu zinazopotea njiani kati ya ukuta na betri. Usiku mara mbili kwa wiki unamtosha. Soketi nne kwa usiku saba ni zamu 28, kwa hiyo zinahudumia magari 14, na hakuna anayemuamsha mwenzake saa saba za usiku ili ahamishe gari.

Hesabu hiyo inasimama kwa sababu ya masafa. Magari 14 yenye betri zilizochoka za kilomita 80 hayawezi kupeana zamu. Kila moja linataka soketi kila jioni, na kwenye jengo lenye soketi nne huo ni ugomvi wa kila siku. Ndiyo maana siamini kwamba mjini tunahitaji kujaza chaja za kasi kila kona kama vituo vya mafuta. Gari la mtu binafsi hukaa limesimama saa 20 na zaidi kwa siku, likiwa nyumbani, kazini, kanisani au msikitini, na wakati mwingine nje ya ukumbi wa harusi. Soketi ya polepole mahali linaposimama inagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya chaja ya kasi, na betri yenyewe inaipenda zaidi.

Dereva wa teksi ni habari nyingine. Huyu anatembea kilomita 200 kwa siku, na saa ya kuchaji ni saa ambayo abiria anachukuliwa na mwenzake. Kwa betri ya 24, au hata ya 40 iliyochoka, lazima asimame mchana, mara nyingi saa ambazo chaja zina foleni. Betri ya 62 inamfikisha jioni. Anachaji akiwa amelala kama watu wengine, na ile saa ya mchana inarudi kuwa ya pesa. Kama kuna kundi ambalo kila kilomita ya ziada kwenye betri ina bei inayoonekana mfukoni, ni hili. Wa bodaboda wameshachukua njia yao: Nairobi na Kigali wanabadilisha betri nzima kituoni na kuondoka, kwa sababu betri ya pikipiki inabebeka kwa mkono. Ya gari haibebeki.

Turudi kwenye umeme wenyewe. Kenya ina tatizo ambalo nchi nyingi zingelitamani. Usiku wa manane watu wamelala, viwanda vingi vimezimwa, na visima vya jotoardhi vya Olkaria vinaendelea kutoa mvuke ambao hauna wa kuutumia, hadi mwingine unaachiwa hewani. Jioni, kati ya saa moja na saa nne, kila nyumba imewasha taa, televisheni na jiko, na mahitaji ya nchi yanapita megawati 2,300. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na shilingi 8 saa za usiku ambazo mahitaji yako chini. Nusu bei.

Gari la masafa mafupi haliwezi kulifaidi punguzo hilo sawasawa. Mwenye nalo anafika nyumbani saa moja jioni akiwa na asilimia 15, na hajui kama ataitwa kutoka tena. Anachomeka papo hapo. Magari 10,000 yenye chaja za nyumbani za kilowati 7 yakichomekwa pamoja saa hiyo yanadai megawati 70, karibu asilimia 3 ya mahitaji yote ya nchi, na yanazidai saa mbaya kuliko zote. Mwenye masafa marefu anafika na asilimia 60. Hana haraka. Anaweza kuweka saa ya gari ianze kuchaji saa tano usiku, au aache kabisa mpaka keshokutwa. Uniti zake 49 za wiki kwa chaja ya kilowati 7 ni saa saba, na zinaingia zote ndani ya usiku mmoja wa bei nafuu.

Simu zilikwenda kinyume cha haya. Kabambe, ile simu ya vitufe, ilikaa wiki nzima na chaji moja, ukaisahau mfukoni. Zikaja simu za kioo na kila mtu akajifunza kulala karibu na soketi. Gari la umeme lilizaliwa likiwa simu ya kioo na sasa linarudi kuwa kabambe.

Ila mwenye kabambe tunamjua. Alisahau kuchaji kabisa hadi simu ilipozima siku aliyoihitaji. Masafa marefu yataleta uzembe huo huo, na uzembe wa watu wengi ukikutana siku moja unakuwa tatizo la gridi. Mtu anayechaji mara moja kwa wiki atachagua usiku upi? Nadhani wengi watachagua Jumapili, kujiandaa na kazi. Mzigo ambao zamani ulisambaa usiku saba utarundikana usiku mmoja. Bei ya usiku peke yake hailitatui hilo, kwa sababu Jumapili usiku na Jumatano usiku zinatozwa sawa. Wakati ukifika, na kwa magari machache tuliyonayo leo bado haujafika, Kenya Power na wenzao watalazimika kufikiria bei inayobadilika kwa siku pia.

Sikukuu ni mbaya zaidi. Norway ndiko mambo haya yalikotangulia: Septemba 2024 magari ya umeme yaliyosajiliwa huko yalipita ya petroli kwa idadi, kiasi cha 754,000 kwa karibu 754,000, tofauti ya mia chache tu. Nchi hiyo ina chaja za kasi hadi vijijini, na wenye magari wengi wanachaji nyumbani. Bado Pasaka ikifika, watu wakielekea milimani kwenye vibanda vyao vya mapumziko, foleni zinajipanga kwenye chaja za barabarani. Masafa marefu hupunguza idadi ya siku ambazo chaja ya barabarani inahitajika, kisha yanazikusanya zote kwenye wiki mbili tatu za mwaka.

Sisi tuna Desemba. Anayetaka kujua itakavyokuwa aangalie barabara ya Dar kwenda Moshi wiki ya Krismasi, Wachagga wanaporudi nyumbani, zaidi ya kilomita 550, magari yamefuatana kuanzia Chalinze. Au aangalie Nairobi kwenda magharibi, Kericho hadi Busia. Magari yote hayo yatatoka nyumbani na betri zilizojaa, na yote yatazimaliza mahali pamoja, kwa sababu yalianza pamoja na yanakwenda mwendo mmoja. Mwekezaji anayepanga kujenga kituo chenye chaja moja Mombo au Same anajenga kitu kitakachokaa bila mteja miezi 11 na kutukanwa mwezi wa 12. Afadhali vituo vichache vyenye chaja nane kila kimoja, zinazofanya kazi, kuliko kutawanya moja moja ili ramani ipendeze.

Barabara ya Mombasa inastahili hesabu yake. Ni kilomita 485 hivi, na Leaf ya 488 inaonekana kana kwamba imepimiwa hapo makusudi. Usidanganyike. Vipimo havikufanywa kwa mwendo wa 110 na AC ikivuma wakati jua la Kibwezi limesimama utosini. Kuna na mwinuko. Wakenya wanasema kushuka Mombasa na kupanda Nairobi, na kwa gari la umeme maneno hayo yana uzito wa uniti. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Kulinyanyua gari la tani 1.7 kwa urefu huo kunadai karibu uniti 8 juu ya zile za kawaida, sawa na kilomita 50 za masafa. Ukishuka unarudishiwa sehemu, kwa sababu injini inageuka kuwa jenereta kila unapopunguza mwendo. Kwa hiyo kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti kwenye barabara moja, na aliyeshuka bila wasiwasi asidhani atapanda hivyo hivyo.

Ina maana utasimama tu. Lakini utasimama wapi, na kwa nini? Hapo tabia inageuka tena. Mwenye Leaf ya kwanza angelazimika kusimama kila palipo na umeme, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Mariakani, akiomba Mungu chaja iwe nzima. Mwenye masafa marefu anachagua pa kula kwanza. Mtito Andei iko karibu katikati, na mabasi yamesimama hapo miaka mingi kwa sababu tumbo la abiria nalo lina masafa yake. Kwa uniti 30 anazohitaji kujaliza, chaja ya kilowati 50 inamtosha ndani ya dakika 40, muda wa pilau, choo na kunyoosha miguu. Biashara ya kuchaji barabara kuu itakuwa biashara ya hoteli yenye plagi.

Wapo watakaosema hoja yangu imepitwa na wakati kabla haijakauka. Machi 2025 kampuni ya BYD ya China ilitangaza mfumo wa kuchaji wa kilowati 1,000, ambao inasema unatia kilomita 400 kwa dakika tano. Kama kuchaji ni dakika tano kama kutia petroli, betri kubwa ya nini? Ni swali zuri kwa China. Kwetu naliona hivi: chaja mbili za namna hiyo zikifanya kazi pamoja zinadai megawati 2. Mwenye kituo atahitaji transfoma yake, pengine na betri kubwa za akiba chini ya paa, na gharama hiyo yote atailipa mteja kwenye kila uniti. Betri kubwa ndani ya gari inayochajiwa polepole usiku ni akiba ile ile, isipokuwa imelipiwa na mwenye gari na inajazwa kwa shilingi 8. Kwa gridi zenye nyaya kama zetu, mwendo wa pole ndio wenye nguvu. Tanzania nayo, ambayo Bwawa la Nyerere limeiongezea megawati 2,115, ina umeme wa kuuza kuliko ilivyo na nyaya imara za kuufikishia kila kijiji cha barabarani.

Hata hivyo sipigii debe masafa bila kikomo. Desemba 2023 William Li, mkuu wa Nio, kampuni ya China ya magari ya umeme, aliendesha gari la kampuni yake lenye betri ya 150 kwa kilomita 1,044 mbele ya kamera bila kuchaji. Safari nzima ilichukua takriban saa 14. Heko kwake, lakini nani anahitaji? Mwaka 2024 bei ya wastani ya betri duniani ilikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, kwa mujibu wa kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, kwa hiyo kila uniti 10 za ziada ni dola 1,150 kabla ya meli, ushuru na faida ya muuzaji. Mtu wa kilomita 40 kwa siku ananufaika sana kutoka 24 kwenda 60. Kutoka 60 kwenda 100 anabeba chuma cha kuvuka Tsavo mara mbili kwa mwaka. Na anaponunua aulize tarakimu za masafa zimetokana na kipimo gani. BYD Atto 3 yenye betri ya 60 imeandikwa kilomita 510 kwa kipimo cha China na 420 kwa cha Ulaya. Gari ni moja.

Zaidi ya yote, wengi wetu hatutanunua jipya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na kuanzia Januari 2026 lango limefika kwenye magari ya 2019. Ndio mwaka ile Leaf ya 62 ilipoanza kuuzwa. Mtumba wa Japani unaoshuka bandarini Mombasa sasa unaweza kuwa gari la kuchaji mara moja kwa wiki, jambo ambalo miaka michache iliyopita lilikuwa la gari la bei ya nyumba. Betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, kwa hiyo joto la Pwani linaizeesha mapema, na kwenye safari moja ukiichaji kwa kasi mara ya pili inajipunguza yenyewe kwa sababu imepata moto. Plagi yake ya kasi ni CHAdeMO ya Kijapani, wakati vituo vipya vinafungwa plagi za Ulaya na za China. Mnunuzi akiambiwa hayo anaweza kukimbia. Asikimbie kama maisha yake ni ya mjini, kwa sababu gari hilo linaweza kuishi miaka yake yote kwenye ile soketi ya ampia 16 bila kuiona chaja ya kasi hata mara moja. Akitaka kushuka nalo Mombasa, apige simu kwanza Mtito Andei aulize wana plagi gani.